Mawe ya akwariamu: uchafu ni upi na uhai ni upi?

Chukua seringi kubwa ya farmasi, ile ya mililita 60, usiweke sindano, vuta maji ya akwariamu mpaka ijae, kisha isogeze karibu na jiwe, upana wa vidole viwili hivi, na uisukume kwa nguvu. Utaona wingu. Jiwe lenye ulikuwa unaliona jeusi, zuri, safi kabisa, linatoa moshi wa kahawia kama mkeka wa zamani ukipigwa fimbo, moshi unazunguka polepole mu maji, vipande vyepesi vinapanda, vizito vinashuka ku mchanga, na samaki wanakimbia kuja kuangalia kama ni chakula. Mara ya kwanza kuona ile nilikaa kimya mbele ya kioo dakika nzima.

Hapo njo linakuja swali lenye watu wa hapa Goma wananiuliza karibu kila posho, yaani Jumamosi, tangu wajue niko na akwariamu: "Yaya, mawe yangu yamechafuka, niyatoe niyasugue na nini?" Usiyatoe, na usiyasugue. Lakini kumwambia mtu usifanye bila kumweleza kwa nini ni kazi bure, mimi mwenyewe niliambiwa na sikusikia.

Mwaka 2021, tarehe 22 mwezi wa 5 usiku, volkano yetu ya Nyiragongo ililipuka, na siku chache baadaye tukaambiwa tuhame mji. Sisi tulienda njia ya Sake, watoto, magodoro, sufuria mbili, akwariamu ikabaki mu nyumba bila umeme, bila chakula, bila mtu. Nilikuwa nimeshaisamehe. Tuliporudi mwezi wa 6, vumbi la volkano liko kila mahali, nafungua mlango, samaki 11 kati ya 14 wako wazima! Ni Tropheus, samaki wa Ziwa Tanganyika wenye niliwatoa Uvira, na vile walikuja kwa kioo kuniona nilitoa machozi. Sasa kwa furaha nikataka niwatengenezee nyumba upya. Mawe yote yalikuwa na ute na vumbi. Maji ya bomba hayakuwepo mtaani, tulikuwa tunachota ziwani, na pale ufukweni vijana wa kituo cha klori walikuwa wanatia dawa kwa seringi mu kila bidoni (dumu), kazi yenye imekinga familia nyingi na kolera, Mungu awabariki. Nikachukua bidoni mbili za maji yale, brosi ngumu, nikatoa mawe yote, kilo kama 30, nikasugua moja moja mpaka yakang'aa, nikarudisha, nikawapa samaki chakula mingi kwa huruma. Siku ya nne wote wako juu ya maji wanahema, mashavu mekundu. Siku ya sita walibaki wawili.

Volkano waliipita. Wakaja kufa juu nilisafisha nyumba yao, na ilinichukua miezi kuelewa ni nini hasa nilikiondoa na brosi ile.

Watu wenye kufuga matumbawe na samaki wa bahari wako na neno lao, jiwe hai. Ni mfupa wa matumbawe ya zamani, chokaa tupu, mwepesi, wenye matundu kila upande, na ndani ya yale matundu wanaishi bakteria, mwani wa pinki wenye unaganda kama rangi ya ukuta, sponji, minyoo midogo, vidudu vyenye ukubwa wa chembe ya chumvi. Jiwe lenyewe ni maiti, wapangaji njo wako hai. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Indonesia, aliandika vile anavyofuga samaki wa bahari kwa kutumia mawe ya namna hiyo na hewa kidogo ya kupuliza tu, bila filta kubwa, wakati huo Ulaya na Marekani wengi walikuwa bado wanaosha matumbawe kwa dawa mpaka yawe meupe kama meno ndiyo wayaweke mu kioo, wanashangaa kwa nini samaki hawadumu. Baadaye wafugaji wa Berlin wakaifuata ile njia ya mawe hai, na leo karibu kila mtu wa bahari anaanza na mawe.

Sisi hapa tuko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, matumbawe tutayaonea wapi. Lakini tuko na lava. Nyumba zetu tunajengea lava, ukuta wa parseli (kiwanja) ni lava, ukichimba choo unakutana nayo, na ukivunja kipande ukiangalia ndani utaona kimejaa vishimo, ni gesi ile ilikuwa inatoka wakati jiwe bado ni uji wa moto, likaganda na mapovu yake. Kwa asili hayana undugu, la bahari limejengwa na wanyama wadogo mwaka hadi mwaka, letu limetapikwa na mlima usiku mmoja, ila bakteria hajali hiyo historia. Yeye anatafuta ukuta wa kushika na maji yenye yanapita. Njo maana mambo yenye nitaeleza yanafaa jiwe la bahari na la kwetu pia, na penye yanaachana nitasema. Upande wa bahari nimejifunza mingi kwa dada mmoja wa Mombasa mwenye anafuga matumbawe, tunaandikiana WhatsApp, ananitumia video za mawe yake na mimi namtumia za lava.

Fujo yote inatokea hivi: juu ya jiwe kuna vitu vitatu na sisi tunaviita vyote uchafu.

Cha kwanza ni ute. Ukishuka ziwani ukakanyaga jiwe ukateleza, ule utelezi njo wenyewe. Hauna rangi au uko na rangi kidogo tu, ukipitisha kidole unausikia kuliko vile unauona, na ndani yake bakteria wamejijengea kama mji, wanashikana kwa gundi yao wenyewe. Ukiupulizia seringi hautoki, umeshika. Cha pili ni mwani, kijani, kahawia, huko baharini hata pinki na zambarau, huo unataka mwanga na unakula kilichoyeyuka mu maji. Cha tatu njo takataka yenyewe: mavi ya samaki, chakula kilichobaki, mwani uliokufa, ngozi na maganda ya vidudu, vumbi, vyote vimesagika vikawa unga mwepesi wa kahawia wenye unatua tu juu ya jiwe na mu matundu. Haushiki kitu. Umelala.

Sasa angalia: seringi inaondoa kile cha tatu peke yake, brosi na klori vinaondoa vyote vitatu. Ukishaelewa hapo, nusu ya kazi umeimaliza.

Ute ule unafanya nini hasa? Samaki anakula, anatoa amonia, sehemu kubwa inatokea kwenye mashavu yake wakati anapumua na ingine inatoka kwa mavi na chakula kinachooza. Amonia ni sumu. Bakteria wa kundi moja wanaichukua wanaigeuza nitriti, nayo ni sumu, kundi lingine linaichukua nitriti linaigeuza nitrati, yenye samaki wanaivumilia mingi bila shida na unaitoa kwa kubadilisha maji. Mrusi Sergei Winogradsky njo alionyesha karibu na mwaka 1890 kwamba ni bakteria wawili tofauti wanapokezana, na mwaka 2015 wataalamu wakakuta kuna bakteria wa jamii ya Nitrospira wenye wanaweza kufanya kazi yote mbili peke yao, tena kundi moja la wale wataalamu liliwapata mu filta ya mahali pa kufuga samaki. Shida yao ni moja, wanazaana polepole sana. Bakteria wa kuozesha mboga anaweza kujigawa kila nusu saa, hawa wanataka masaa mengi, wengine siku nzima au zaidi. Njo maana akwariamu mpya inataka wiki 4 mpaka 6 kukomaa, na njo maana mtu akiwasugua leo, kesho hawarudi, na samaki anaendelea kutoa amonia yake ileile kila saa.

Na kuko kitu kingine chenye kinatugusa sisi wa pande hizi kuliko watu wengine. Amonia mu maji iko na sura mbili, moja kali na moja ya kuvumilika, na pH, kipimo cha asidi na alkali ya maji, njo inaamua ni ngapi iko upande gani. Maji yakiwa na pH 7 na joto la digrii 25, ile kali haifiki hata asilimia 1. Bahari, pH 8.2 hivi, iko chini ya asilimia 10. Tanganyika na Kivu maji yake yanafika pH 9, na hapo zaidi ya theluthi moja ya amonia yote iko mu sura ya kuua! Mtu wa maji ya pH 7 anaweza kuosha mawe yake na samaki wakapona kwa bahati. Mfugaji wa samaki wa Tanganyika akifanya vilevile hana nafasi ya kukosea, ni siku mbili tatu. Kwangu ilikuwa nne juu samaki walikuwa wamekaa na njaa, walianza na amonia kidogo, mpaka mimi na huruma yangu nikawajaza chakula.

Turudi ndani ya jiwe, maana huko njo mahali pazuri. Milimita chache za juu zinapata oksijeni, lakini ukiingia zaidi, bakteria wa juu wameshaimaliza, ndani kabisa hakuna. Ni kama ziwa letu kwa udogo: Ziwa Kivu liko na oksijeni mu mita 60 hivi za juu, chini yake mpaka karibu mita 485 ni methane, gesi ya kaboni na ile gesi ya harufu ya yai bovu, samaki hawezi kukaa huko. Ndani ya jiwe, huko gizani pasipo hewa, kuna bakteria wengine wenye wanachukua nitrati, wanaibandua oksijeni yake wanapumulia, na nitrojeni inayobaki inatoka kama gesi ya kawaida inaenda hewani. Filta nyingi za dukani hazifanyi hiyo, zinaishia ku nitrati. Jiwe zuri lenye matundu linamaliza kazi, si yote lakini sehemu.

Sasa takataka inaingia wapi? Inaziba mlango. Maji yenye amonia na nitrati yanatakiwa yapite, yaingie kidogo kidogo mu matundu, na unga ule ukijaa kila kishimo kinakuwa kama chumba chenye dirisha limezibwa na matope. Tena unga wenyewe unaoza. Unapooza unatoa amonia mpya, unatoa fosfati yenye mwani unaipenda sana, na unakula oksijeni. Watu wengi wanapigana na mwani miezi mizima, wanapunguza taa, wananunua dawa, na chakula cha mwani kimelala mu mawe kinatolewa kidogo kidogo kila siku. Kwa bahari fosfati ni shida kubwa zaidi, juu chokaa inaishika na kuiachia polepole, unaweza kusafisha leo na bado maji yakaonyesha fosfati wiki nyingi.

Ile ya oksijeni ningeomba watu wa Goma na Bukavu waiweke moyoni. Maji ya ziwa ya digrii 25 kule chini usawa wa bahari yanaweza kubeba milligramu 8 na kidogo za oksijeni kwa lita moja, huku kwetu juu hewa ni nyembamba, yanabeba kama 7 tu. Maji ya bahari hata kule pwani yanabeba chini ya 7 sababu ya chumvi. Yaani tunaanza tukiwa na kidogo. Kisha umeme unakatika saa 2 usiku, pampu inasimama, maji yanalala, samaki wanapumua, mwani usiku nao unapumua, bakteria wanapumua, na takataka yote yenye imelala mu mawe inaendelea kuoza na kula hewa ileile. Akwariamu yenye mawe safi inaweza kuvuka usiku ule. Yenye mawe yaliyojaa unga, asubuhi unakuta samaki wote juu wanavuta hewa na midomo. Mimi kabla sijaanza kupuliza mawe, kila umeme ukikatika zaidi ya masaa manne nilikuwa nakoroga maji na mkono. Siku hizi nalala. Niko na kapampu ka hewa ka bateri pia, ni kweli, lakini tofauti niliiona hata mbele ya kukanunua.

Kazi yenyewe naifanya siku ya posho asubuhi, mbele ya kubadilisha maji na si nyuma, juu takataka yenye umeipandisha lazima upate namna ya kuitoa, ukiipuliza ukaiacha itatua tena palepale. Sipulizi mawe yote. Robo ya mawe, basi, posho ijayo robo nyingine, hivyo kwa mwezi nimezunguka. Ukipuliza yote kwa siku moja mu akwariamu yenye haijawahi kusafishwa, unapandisha uchafu wa miezi mara moja, maji yanakuwa chai, oksijeni inaanguka, samaki wanateseka. Naanza juu nashuka chini. Ncha ya seringi naielekeza ku tundu, si ku uso wa jiwe, na napuliza vifupi vifupi, pu, pu, pu, nasogea. Penye wingu linatoka jingi narudi mara tatu nne mpaka maji yatoke meupe. Pampu naiacha inatembea na ku mdomo wa filta naweka sponji safi lenye linakamata, nikimaliza nalikamua mu ndoo ya maji ya akwariamu. Ile dada wa Mombasa anatumia soksi ya filta, anaiacha saa moja mbili baada ya kupuliza kisha anaitoa anaifua, na pahali pa seringi anashika kapampu kadogo ka maji mkononi anakapitisha juu ya mawe kama mtu anapiga pasi. Kako na nguvu kuliko seringi, mawe makubwa kanayafaa.

Nikishapuliza nangojea dakika 10, vizito vimeshuka, napitisha mpira wa kuvutia maji juu ya mchanga natoa maji asilimia 20 pamoja na unga wote. Tafadhali msivute mpira kwa mdomo. Nimeona wengi wanafanya, na ni maji ya mavi ya samaki, na kama umeweka konokono wa ziwani, bilharzia iko pande hizi. Zamisha mpira wote mu maji ujae, ziba ncha na kidole gumba, ishushe mu ndoo yenye iko chini, achia. Inatembea yenyewe.

Kuna wakati jiwe linabidi litoke, labda limejaa mwani wa nyuzi, labda samaki mgonjwa amejificha ndani. Basi likitoka lisikutane na maji ya bomba wala ya bidoni. Toa kwanza maji ya akwariamu ndoo moja, zamisha jiwe humo, litikise kwa nguvu kama vile unasuuza lengalenga (mchicha) zenye udongo, litoe, rudisha. Mwani mrefu ung'oe na vidole au brosi ya meno laini, pale pale penye umeota, jiwe lingine uliache. Kwa Tropheus wangu mwani mfupi wa kijani ni chakula, kutwa wanaukwangua ku mawe, nikiusugua nawanyima chakula chao.

Kwa jiwe la bahari lile sharti la maji linazidi ukali. Maji ya bahari yako na chumvi kama gramu 35 kwa lita, vidudu na minyoo ya ndani imezoea hiyo, ukilisuuza na maji ya kawaida yasiyo na chumvi, hata bila klori, miili yao inavimba maji inapasuka, wanafia ndani ya matundu penye huwezi kuwatoa, na maiti zao njo zinakuwa takataka mpya na amonia mpya. Umesafisha nje umechafua ndani. Ukipuliza karibu na matumbawe punguza nguvu, yakifunga midomo usiogope yatafungua, ila yasipigwe moja kwa moja. Vaa glavu, juu kuko minyoo yenye manyoya kama glasi, yanaingia mu ngozi yanachoma siku mbili.

Na hili nalisema kwa uzito wote: jiwe la bahari lisichemshwe kamwe, wala lisisuguliwe kavu, wala lisipigwe maji ya presha mu nyumba. Kuna vitumbawe laini vya mafungu kama vifungo vya shati, vingine vinabeba palitoksini, moja ya sumu kali zaidi za viumbe wa bahari, na mvuke wa jiwe lililochemshwa umeshalaza familia nzima hospitali mu nchi za watu. Mtu alidhani anaua wadudu wa jiwe, akajaza nyumba sumu.

Maji ya kurudishia, nayo, tuyazungumzie juu watu wanayasahau. Klori inaua bakteria wa kolera na haijui kuchagua, inaua na wetu. Maji ya bidoni yenye klori yaache wazi mu beseni pana siku nzima, bora siku mbili, na hewa ikipulizwa humo inatoka haraka zaidi. Kama mtu anaweza kupata thiosulfati ya sodiamu, chembe kidogo inamaliza klori papo hapo. Sabuni hapana, hata tone, hata "nitasuuza vizuri", matundu ya lava yanaishika.

Lava mpya kabisa kutoka parseli, ile hapo brosi iko na kazi yake! Haijawa na uhai wa maji bado, sugua udongo, loweka siku kadhaa ukibadilisha maji, vunja zile ncha kali zenye zitachana samaki, epuka mawe ya kando ya gereji yaliyokunywa mafuta. Jiwe la bahari likifika jipya linatendewa kinyume, njiani vidudu vingi vimekufa, linawekwa pipani na maji ya chumvi na pampu wiki kadhaa bila samaki, linapulizwa, maji yanabadilishwa, mpaka harufu iishe na amonia ishuke hadi sifuri. Siku hizi wengi, hata yule dada, wananunua jiwe kavu au la kutengenezwa na wanalipandia bakteria, maana matumbawe ya mawe yako mu orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuyang'oa baharini ovyo ni kuharibu.

Kuna jambo lilinisaidia kuliko seringi, ni upangaji. Nilikuwa nimeyapanga mawe kama ukuta wa parseli, moja juu ya lingine, yamebanana mpaka nyuma ya kioo, na nyuma ile maji yalikuwa hayapiti kabisa, ukiweka mkono unasikia unga kama ugali laini, tena mweusi, na harufu ya yai bovu. Weusi na harufu ile ni alama, pamekosa hewa muda mrefu. Nikipakuta hivyo sipapulizi, navuta na mpira polepole moja kwa moja hadi ndooni, juu ile gesi ukiirusha mu maji inaumiza samaki. Kwa bahari ni hatari zaidi, maji yake yako na salfati mingi yenye inalisha hao bakteria wa yai bovu. Siku hizi napanga kama mafiga, jiwe tatu chini na nafasi katikati, lingine juu, maji yapite chini na nyuma, na mdomo wa pampu nauelekeza huko nyuma. Takataka ya posho moja imepungua mpaka seringi tano sita zinatosha.

Na kama umeshasugua, kama mimi, na unasoma hii samaki wakiwa juu wanahema: acha kulisha siku tatu, hawatakufa njaa, Tropheus wangu walikaa zaidi ya siku kumi. Badilisha maji robo kila siku, maji yasiyo na klori na yenye joto lilelile. Weka hewa nyingi. Tafuta mtu mwenye akwariamu nzima umwombe jiwe moja au sponji lake chafu, chafu hivyo hivyo, lilete mu maji yake lisikauke njiani, liweke karibu na pampu. Wale wawili wangu walipona hivyo, sponji lilitoka kwa jirani wa Katindo mu kasufuria.

Maji ya ndoo, yale ya kahawia yenye unayatoa kila posho, mimi namwagia lengalenga nyuma ya nyumba, yako na nitrati na fosfati, majani yanatoka mapana. Ya bahari hayafai, chumvi itaua bustani. Na yoyote yale hayaendi ziwani, hata kama ziwa liko dakika tano: samaki wa Tanganyika, mayai yao, konokono wao na magonjwa yao vinaingia na ndoo moja, na Kivu iko na samaki wake wadogo wenye hawapatikani mahali pengine popote duniani. Samaki wadogo wa sambaza tunaokula walitoka Tanganyika nao, waliletwa ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1950, watu waliamua, na mpaka leo hakuna mwenye anaweza kuwarudisha.